Wageni wa Nusu Siku: Sisi wa Mlimani katika Mji wa Matumbawe



Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro tumezoea kupitiwa. Wageni hushuka Moshi, hulala mjini usiku mmoja, na asubuhi hupakiwa kwenye magari kwenda malango ya Marangu, Machame au Umbwe. Baada ya siku tano hadi nane wengine huwa wamefika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na wengine wamerudi njiani kwa kuumwa kichwa. Kisha huondoka, na wengi wao huenda kumalizia mapumziko Zanzibar. Katika familia zetu wapo kaka na wajomba walio wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, ambao kwa kanuni ya hifadhi hubeba mzigo usiozidi kilo 20. Tangu utotoni tumewaona wageni wanaotupiga picha kabla ya kutusalimia. Tumewaona pia wanaouliza jina na kulikumbuka siku ya kushuka. Kwa hiyo tukizungumza habari za wageni, iwe darasani au kwenye meza ya chakula, tunazungumza kama wenyeji.

Januari iliyopita tulionja upande wa pili. Mwenzetu mmoja wa Jimbo la Lindi alitualika mafrateri wanne kumtembelea wakati wa likizo, naye akapanga tufike Kilwa. Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni siku nzima ndani ya basi. Siku ya pili tulivuka mto Rufiji kwenye daraja la Mkapa, tukaiacha barabara kuu pale Nangurukuru, na jioni tulikuwa Kilwa Masoko. Wawili kati yetu walikuwa hawajawahi kuiona bahari. Walisimama ufukweni muda mrefu bila kusema neno, kama wageni wanavyosimama Moshi siku mawingu yanapofunguka na mlima ukaonekana.

Asubuhi yake, tulipokwenda kuchukua kibali na mashua ya kutuvusha hadi Kilwa Kisiwani, tulikuta meli kubwa nyeupe imetia nanga. Ilikuwa meli ya kitalii, moja ya zile ambazo miaka hii ya karibuni zimekuwa zikipita pwani yetu na kusimama kwa saa chache. Boti ndogo za mpira zilikuwa zinawaleta abiria kisiwani kwa makundi, wamevaa makoti ya kujiokolea, wengi wao wazee wenye nywele nyeupe. Ngoma ilikuwa inapigwa kuwapokea. Kina mama walikuwa wametandika mikeka ya ukindu na kofia za kuuza. Tulishuka nyuma ya kundi moja, tukiwa na mabegi mgongoni na simu mkononi, na mtoto mmoja wa kama miaka sita alitukimbilia na kutusalimia kwa Kiingereza. Tulipomjibu kwa Kiswahili alituangalia kwa mashaka kidogo, kisha akarudia salamu yake ileile ya Kiingereza. Kwake yeye aliyeshuka siku ya meli ni wa meli.

Mzee mmoja wa kisiwani alikubali kututembeza. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza tumetoka wapi na tunafanya kazi gani. Tulipomwambia kwamba tunasomea upadre, na kwamba kwa sasa tuko kwenye falsafa, alifikiri kidogo akasema, "Basi nyinyi ni mashehe wanafunzi." Tukacheka wote. Hakukosea sana.

Kilwa Kisiwani ni mji uliojengwa kwa matumbawe. Mzee alitufundisha kutofautisha mawe kwa kuyagusa. Kuna jiwe gumu lenye matundu, linalochimbwa nchi kavu, ambalo ni mwamba wa zamani ulioachwa na bahari. Hilo ndilo la kuta. Kuna na tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi, ambalo fundi alilichonga kabla halijakauka na kuwa gumu, na kutokana nalo zilitengenezwa nakshi, mihimili ya milango na mihrabu. Chokaa ya kushikizia ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni nyingi. Boriti zilikuwa za mikoko, na kwa sababu mti wa mkoko una urefu wake, vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba: upana ulipangwa na mti. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa karne ya 14, na kwa muda mrefu ulikuwa miongoni mwa misikiti mikubwa kuliko yote kusini mwa Sahara. Tulitembea chini ya makuba yake. Kisha tukaenda Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14 lililo juu ya bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane.

Utajiri huo ulitokana na dhahabu iliyopitia Sofala, kusini, na pembe za ndovu. Kilwa ilitoa sarafu zake yenyewe, na baadhi ya sarafu hizo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mwaka 1981 UNESCO iliuweka mji huu, pamoja na magofu ya Songo Mnara, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 ukahamishiwa orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zinaanguka na mawimbi yanakula ukingo, na mwaka 2014 ukatolewa hatarini baada ya kazi kubwa ya kuutengeneza. Mzee alituonyesha mikoko ufukweni kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Lakini kilichotukaa moyoni zaidi ni habari za watu wawili waliofika Kilwa kwa meli, mbali kabisa na meli ile nyeupe.

Wa kwanza ni Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliyepita hapa mwaka 1331. Aliandika kwamba Kilwa ni mmoja wa miji mizuri, na akamsifu sultani wake, Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba siku moja sultani alipokuwa anatoka kwenye sala ya Ijumaa, maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Sisi tunaosherehekea kila tarehe 11 Novemba kumbukumbu ya Mtakatifu Martino wa Tours, aliyekata vazi lake na kumpa maskini nusu, tulifurahi kuisikia habari hii. Hapa ni nguo zote, si nusu. Mwenzetu mmoja, ambaye alikuwa ameisoma, alitukumbusha kwamba habari yenyewe haiishii hapo. Mtoto wa sultani alizichukua tena zile nguo kwa yule maskini na kumpa watumwa kumi mahali pake. Watu walipozidi kusifu, sultani naye akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Tukanyamaza. Mgeni alikumbuka idadi ya watumwa, wala hakuandika jina la hata mmoja. Karne nyingi baadaye, Kilwa Kivinje, upande wa bara, ikawa moja ya bandari kubwa za biashara ya watumwa katika pwani hii. Tunaandika haya ili tusije tukasema kwamba wenyeji walikuwa malaika na ubaya wote uliletwa na meli.

Wa pili ni Francisco de Almeida, Mreno. Alifika Kilwa Julai 1505 na kundi la merikebu zenye mizinga, akiwa njiani kwenda India. Sultani Ibrahim alikimbia. Mji ulichukuliwa tarehe 24 Julai, siku ya mkesha wa Mtakatifu Yakobo, na ngome waliyoijenga ikapewa jina la mtakatifu huyo. Yupo Mjerumani, Hans Mayr, aliyekuwa kwenye msafara na akaandika aliyoyaona. Anaeleza kwamba Wafransisko walishuka pwani wakiwa na misalaba, wakaenda kwa maandamano wakiimba Te Deum hadi kwenye jumba la sultani. Pale msalaba ukasimamishwa, kapteni akasali. Baada ya sala, watu wakaanza kupora mji.

Ndugu wasomaji, Te Deum tunaijua. Ni utenzi wa shukrani ambao Kanisa huuimba katika Masifu ya Masomo siku za Dominika na sikukuu, na sisi seminarini tunauimba kwa sauti nne, besi wakijivunia sehemu yao. Hatukuwa tumewahi kufikiri kwamba uliwahi kuimbwa katika pwani ya nchi yetu kama utangulizi wa uporaji. Msalaba wa kwanza kusimama Kilwa uliletwa na meli, ukasimamishwa, ukapita, na nyuma yake nyumba za watu zikavunjwa milango. Wareno wenyewe hawakudumu. Mwaka 1512 waliiacha ngome wakaondoka.

Tulikuwa tumekaa kivulini karibu na Gereza, ngome iliyojengwa upya na Waomani mnamo mwaka 1800 mahali palepale pa ngome ya Wareno, tulipoanza kubishana kwa sauti ya chini. Mmoja wetu, mwalimu wetu wa kwaya, alisema tuimbe Te Deum pale, taratibu, kama malipizi: wimbo ule uliimbwa vibaya, sasa uimbwe vizuri. Mwingine akasema hapana. Watu wa kisiwa hiki ni Waislamu, hawakutualika kuja kutengeneza historia yetu mbele ya nyumba zao, na malipizi yanayomfanya mwenyeji awe mtazamaji yanafanana mno na maandamano ya 1505. Wa tatu akauliza kama basi tunaona haya kuwa Wakristo mahali pale. Lilikuwa swali la kweli, na lilituuma. Tunasomea kupeleka msalaba mahali. Kama msalaba uliwahi kuingia mji huu namna ile, sisi tutauingizaje mji wowote?

Mzee alikuwa anatusikiliza. Akatuuliza, "Hao wa meli wamekuja kuona mawe. Nyinyi mmekuja kuona nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu tayari, isipokuwa mwenyeji wetu wa Lindi, ambaye alisema, "Mzee, tumekuja kukusalimia." Mzee akacheka sana. "Kama ni salamu, basi twendeni, chai ipo." Tukaenda kwake. Tulikunywa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, tukaulizwa habari za baridi ya Kilimanjaro na kama ni kweli migomba yetu haina mwisho. Saa sita tulisali Malaika wa Bwana kimyakimya, kila mtu moyoni mwake, na baada ya muda adhana ya adhuhuri ikasikika, mzee akatuomba radhi akaenda kuswali. Wakati huo ile meli ilikuwa imeanza kuwarudisha watu wake. Nasi mashua yetu ilitusubiri, kwa hiyo hatukukaa sana kuwazidi wao. Ngoma ilikuwa imenyamaza, na kina mama walikuwa wanakunja mikeka ambayo haikununuliwa.

Njiani kurudi Moshi tulikuwa na saa nyingi za kufikiri, na kwa kuwa ni wanafunzi wa falsafa, tuliangukia kwa Immanuel Kant. Mwaka 1795 Kant aliandika kitabu kidogo kuhusu amani ya kudumu. Humo anasema kwamba dunia ni duara, watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, hatimaye lazima wakutane na kuvumiliana. Kwa sababu hiyo kila binadamu anayefika kwa amani katika nchi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui. Hiyo ni haki ya kuzuru tu. Hana haki ya kudai akaribishwe nyumbani. Kisha Kant, mtu ambaye hakuwahi kusafiri mbali na Königsberg, mji wake wa bandari, anawashutumu Wazungu wa biashara wa wakati wake kwa kuwa kwao kuzuru nchi za watu kulikuwa ni sawa na kuziteka. Ukisoma ukurasa ule baada ya kukaa kivulini penye Gereza, unaona kama umeandikwa kwa ajili ya Kilwa.

Tunamshukuru Kant kwa kuweka mpaka. Haki ya kuzuru inatosha kumzuia Almeida, na inatosha kwa abiria wa meli ya kitalii anayelipa kibali chake, akatembea kwa adabu na akaondoka. Lakini chai ya mzee haimo ndani ya haki hiyo. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Hapo Kant ananyamaza na Kiswahili kinaendelea, kwa maana wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hatuisikii tena vizuri kwa kuizoea. Haisemi kwamba mgeni anapona. Inasema mwenyeji ndiye anayepona. Abrahamu alipowakimbilia watu watatu pale Mamre na kuwaandalia chakula, yeye ndiye aliyebaki na ahadi ya mtoto. Mgeni analeta kitu ambacho mwenyeji hakuwa nacho, na pengine hata mgeni mwenyewe hakijui.

Wahenga hao hao waliongeza: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaitumia methali hii kumchokoza mgeni aliyekawia. Sisi tulianza kuiona kwa namna nyingine. Siku mbili za kwanza unamlisha mtu, lakini huna haja naye. Ukimpa jembe, unamwambia kwamba shamba hili sasa linamhusu, jasho lake linahitajika, na njaa ya nyumba hii itakuwa njaa yake. Jembe ndilo linalomtoa mtu kwenye ugeni. Na meli ya kitalii, hata ikiwa na watu wema kiasi gani, haifiki siku ya tatu.

Hapa ndipo tunapoikuta habari yetu wenyewe. Imani ya watu wa Kilimanjaro nayo ilitoka kwenye pwani ya matumbawe. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walishika misheni ya Zanzibar mwaka 1863, wakavuka Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka huko wakapanda hadi Kilema, ambako misheni ilianzishwa mwaka 1891. Nao walikuja kwa meli, kama Almeida. Tofauti ni kwamba walifika siku ya tatu. Bagamoyo walilima, wakakaa na watu waliokombolewa utumwani, na wengi wao wakafa vijana. Makaburi yao yako pale. Padre Charles Sacleux aliishi katika pwani hii miaka karibu ishirini akiwasikiliza Waswahili wanavyosema, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka mwaka 1939, hadi leo inafunguliwa na wataalamu wa lugha. Kahawa tunayoiona nyuma ya nyumba zetu ina historia hiyohiyo: mbegu ilitoka kisiwa cha Réunion, ikapandwa Bagamoyo, ikapandishwa Kilema. Kahawa ni zao la mtu anayekusudia kukaa, kwa maana miaka mitatu au minne hupita kabla ya kuchuma.

Hata hivyo ukweli unatudai tuseme na upande mwingine. Hapa Kibosho misheni ilianza mwaka 1893. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1891, majeshi ya Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann yalimpiga Mangi Sina na kuivunja ngome yake. Msalaba haukufyatua bunduki, lakini ulipanda njia ambayo bunduki ilikuwa imeifungua. Kwa hiyo hatuwezi kusimama Kilwa na kuwaonea aibu Wafransisko wa 1505 kana kwamba sisi ni watoto wa historia iliyo safi. Babu zetu walipokea Injili katika nchi iliyoshindwa vitani, na waliipokea kweli, hata leo wajukuu wao wanajaza makanisa saa kumi na mbili asubuhi. Tunaamini kwamba neema ilifanya kazi yake. Lakini tunaamini pia kwamba kilichowafanya mababu wawaamini wale mapadre ni miaka iliyofuata, ya kufundisha, ya kutibu, ya kulima na ya kuzika wafu pamoja nao.

Kuna jambo moja zaidi tulilojifunza, nalo linatoka chini ya maji. Tumbawe ni mnyama mdogo laini anayejijengea nyumba ya chokaa, na mwamba mzima ni kazi ya wanyama hao kwa maelfu ya miaka. Yale mabonge makubwa ya duara hukua karibu sentimeta moja tu kwa mwaka. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Tumbawe huipa makazi, nayo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake, na humpa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi, hata nyuzi moja tu juu ya kawaida kwa wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika. Tumbawe huwatoa wageni wake, hubaki jeupe, na hali hiyo ikiendelea hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Ukiongeza uvuvi wa baruti ulioitesa pwani ya Tanzania kwa miaka mingi, utaelewa kwa nini mzee alizungumza juu ya samaki kwa sauti ya mtu anayemzungumzia marehemu.

Dunia hiyohiyo inayopata joto ndiyo tunayoiona tukiinua macho hapa seminarini. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipochorwa kwenye ramani mwaka 1912. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 41, aliitaja miamba ya matumbawe kwa jina, inayogeuka kuwa tasa. Tulikuwa tumeisoma namba hiyo haraka, tukidhani ni habari ya watu wa pwani. Sasa tunajua kwamba kilele chetu na mwamba wao vinapata weupe na kuupoteza kwa sababu zinazofanana: chetu kinapoteza weupe wake, wao wanaupata, na kote ni hasara.

Lakini yapo pia mambo ya kutia moyo. Katika baadhi ya vijiji vya pwani, kama vile Kisiwa Panza kule Pemba, wenyeji wamekubaliana kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa. Hakuna anayeingia kuvua pweza, hata kama maji yamekupwa na nyumbani hakuna kitoweo, mpaka pweza wakue. Siku ya kufungua, kina mama na vijana hutoka wote pamoja. Wanaliita kufunga. Sisi Wakatoliki tunalo neno hilohilo kwa ajili ya Kwaresima, nalo tumelichukua kutoka lugha ya Waislamu wa pwani wanaofunga Ramadhani. Kijiji kinachofunga mwamba kinakataa kuishi kama meli inayopita. Kinakubali kuwepo tena baada ya miezi mitatu.

Tumalizie kwa maneno mawili, moja kwetu na moja kwenu.

Kwetu mafrateri. Tukimaliza falsafa tutatumwa parokiani kwa mwaka wa uchungaji, na baadaye, Mungu akipenda, tutakuwa mapadre wanaohamishwa kila baada ya miaka michache. Maisha yetu yana hatari ya kuwa safari ndefu ya vituo vifupi: kushuka, kupokewa kwa ngoma, kubariki, kupigwa picha, kuondoka. Yesu alipowatuma wale sabini na wawili aliwaagiza waingie nyumba moja, wakae humo, wale watakachopewa, wasihamehame nyumba kwa nyumba. Hakuwapa kwanza wimbo wa kuimba wakishuka pwani. Aliwapa salamu ya amani na amri ya kukaa. Tunadhani hilo ndilo jibu la ule ubishi wetu kivulini. Msalaba hatuuonei haya, ila unaingia mji kwa mguu wa mtu aliyekubali kukaa.

Kwenu waamini. Mnatupokea vizuri mno. Frateri akifika parokiani anapewa kiti cha mbele, kuku, na ndoo ya maji ya moto, na siku ya tatu bado ni kuku. Tunawaomba kitu kigumu zaidi. Siku ya tatu tupeni jembe. Tupelekeni kwa mgonjwa ambaye hakuna anayetaka kumtembelea. Tusahihisheni tunapokosea lugha yenu na desturi zenu. Tuiteni kwenye kuchimba kaburi, siyo kwenye kubariki peke yake. Mkituacha tukae tu kama wageni, tutaondoka na picha nzuri za parokia yenu, nanyi mtabaki mkikunja mikeka.